Wamenizimia kompyuta kazi iko katikati

Jamani nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Kuna kafe ya intaneti huku Ngamiani, jina siwatajii, nililipia mashine ikeshe usiku kucha maana laptop yangu imechoka inachemka. Mi nafundisha baiolojia, nilikuwa natafuta mti wa ukoo wa viumbe kumi: papa, changu, jodari, silikanti (yule samaki wa kale wa kilindini), kamongo (samaki mwenye mapafu), chura, kobe, kuku, mbuzi na mtu. Kumi tu, ila namna za kuwapanga kwenye mti usio na mzizi, yaani usioonyesha babu wa wote yuko wapi, ni 2,027,025! Na ukishapata ule unaofaa programu inarudia kazi mara 1,000, kila mara inaokota upya safu za DNA kiholela, ndo ujue tawi gani limeshika na lipi limebahatika. Ndo maana inakesha.

Nikabandika karatasi kwenye skrini, USIZIME, kwa makapeni nyekundu. Asubuhi naikuta skrini nyeusi, karatasi yangu imekunjwa imewekewa kikombe cha chai. Namuuliza kijana wa kaunta, hata salamu hakuitikia, ananijibu "Dada umeme hela, na samaki ni samaki tu, unachora nini usiku kucha?"

Samaki ni samaki tu! Anasema Tanga hii, yenye hifadhi ya silikanti baharini tangu 2009, silikanti anayenasa kwenye jarife zetu wenyewe! Yule kiukoo yuko karibu na mbuzi kuliko na changu, shika pezi lake uone lilivyo nene, lina mnofu na mifupa ndani kama mwanzo wa mkono.

IQ-TREE, ile programu ya kutafuta mti, yenyewe naisifu, ya bure, kumbe ilikuwa inajihifadhi kwenye flashi yangu, nikaipa amri ileile ikaendelea pale ilipokatikia. Hasira ikashuka, nikasema basi, kafe si mbaya, mashine zina kasi, bei nafuu. Lakini nikikumbuka ile karatasi chini ya kikombe, hapana, msiende. Au nendeni mchana tu.

Mti umetoka, silikanti na kamongo upande wetu, kamongo karibu zaidi, sawasawa na walivyopata waliosoma jenomu, yaani DNA yote, ya silikanti 2013. Nimeuprinti palepale, kijana akauinamia akaniuliza silikanti ndo yupi, nikamwonyesha kwa kidole, akakaa anautazama muda mrefu. Samahani hajasema. Nyota mbili, na hela yangu ya usiku bado naidai.