Mwaka wangu wa uzamili Leicester: mji mzuri, nyumba mtihani

Nyota nne kati ya tano. Ile moja imeondolewa na nyumba za kupanga, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu mengine yote mtu anayazoea.

Nilisoma shahada ya uzamili University of Leicester. Wadogo zangu wanaopata udahili Uingereza huniuliza kama wang'ang'anie London au wakubali mji mwingine. Kwa anayejilipia, au anayelipiwa na mzee aliyeuza kiwanja, jibu langu halijabadilika: nenda Leicester. Ni mji wa watu wapatao 368,000 kwa sensa ya 2021, una vyuo vikuu viwili (kingine ni De Montfort), na treni ya kwenda London St Pancras inachukua saa moja na dakika kadhaa. London utaiona Jumamosi na kurudi kulala kwako.

Chuo kiko ubavuni mwa Victoria Park. Kutoka hapo unateremka New Walk, njia ya waenda kwa miguu iliyotengenezwa mwaka 1785, miti pande zote na gari hakuna, mpaka katikati ya mji. Mimi niliishi Clarendon Park, jirani kabisa na chuo, kwa hiyo nauli ya basi ilikuwa ya siku za mvua tu. Waliopangiwa mabweni ya Oadby walikuwa na bustani nzuri na utulivu kuliko sisi, lakini kila kipindi ni basi, na kila ukichelewa maktaba jicho liko kwenye saa. Lifikirie hilo kabla hujavutiwa na picha.

Maktaba ya David Wilson ndiyo iliyonifanya nikamaliza. Wakati wa muhula unaweza kukesha humo, na ina joto, jambo ambalo utaliheshimu ikifika Januari. Jengo la zamani la Fielding Johnson lilianza mwaka 1837 likiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kila wiki ya kukabidhi insha utani huo unarudiwa kana kwamba ni mpya. Utasikia pia, mpaka uchoke, kwamba hapa ndipo Alec Jeffreys alipogundua mwaka 1984 namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba vyake, na kwamba wanaakiolojia wa chuo ndio waliochimba maegesho ya magari ya halmashauri mwaka 2012 wakakuta mifupa ya Mfalme Richard III. Wenyeji wanajivunia hayo mawili, na la tatu ni ubingwa wa timu yao, Leicester City, kwenye Ligi Kuu ya England mwaka 2016. Ukitaka urafiki wa haraka na Mwingereza wa Leicester, muulize alikuwa wapi siku ile.

Sasa chakula, ambacho hakuna aliyenidokeza kabla sijaondoka. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasielekee huko. Wakaenda kwa maelfu. Wengine walitokea Kenya na Tanzania. Faida yake wewe mwanafunzi wa leo unaila: maduka ya Belgrave Road na Evington Road yana muhogo, bamia, nazi, maembe mabichi, choroko na unga mweupe wa mahindi. Mihogo ya kukaanga iko kwenye orodha za migahawa kwa jina la mogo, na kuku paka (kuku wetu wa kupaka) wapo. Wenzangu waliosoma miji midogo zaidi walikuwa wakiagiza unga kwa posta.

Kwenye duka nililolizoea, mzee wa kaunta alikuwa mzaliwa wa Jinja. Siku moja alinisikia nikiongea na simu, akasubiri nimalize, akaniuliza, “Wewe natoka wapi?” Kiswahili kile cha dukani, kisichojali ngeli. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti iliyomtoa mkewe stoo. Tangu hapo pilipili zangu ziliongezwa juu ya mzani. Na Diwali ikifika, nenda Belgrave Road hata kama una insha. Umati wake ni kama wa Kariakoo mkesha wa sikukuu, isipokuwa kila mtu amevaa koti.

Baridi? Unavaa. Giza ndilo tatizo. Mwezi Desemba jua linazama kabla hata ya saa kumi alasiri, na mtu unaweza kutoka darasani ukadhani umepitiwa na usingizi. Toka nje mchana hata nusu saa, basi.

Suala la kazi nitalieleza kwa sababu wengi wanadanganywa na waliotangulia. Viza ya mwanafunzi wa shahada inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Boksi, yaani kazi za maghalani, zipo, maana mkoa ule umejaa maghala: Magna Park, karibu na Lutterworth, ni miongoni mwa maeneo makubwa ya maghala Ulaya. Lakini usafiri wa shifti za usiku unakula mshahara, na ukirudi saa kumi na mbili asubuhi kipindi cha saa tatu hukisikii. Halafu kuna mtego wa uzamili: kiangazi cha kuandika tasnifu kwa kawaida hakihesabiwi kuwa likizo. Wa shahada ya kwanza wanaruhusiwa kufanya kazi kutwa nzima, wewe bado uko kwenye saa 20. Anayepanga kulipa ada kwa boksi za Juni hadi Septemba, apange upya.

Haya, nyumba. Wengi wetu tunapanga zile nyumba za matofali mekundu zilizobanana, za enzi za Malkia Victoria, watu wanne au watano kwa jiko moja na bafu moja. Kodi huhesabiwa kwa wiki. Mimi nililipa pauni 105 bila umeme, gesi wala intaneti, na chumbani kiliingia kitanda, meza, na mimi nikipita kwa ubavu.

Kinachoanza kukukwamisha ni mdhamini. Wakala anataka mtu anayeishi Uingereza, mwenye kipato, atakayelipa ukishindwa. Mjomba wa Mbeya hakubaliki hata awe na malori mangapi. Asiye na mdhamini aliambiwa alipe kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ndivyo nilivyolipa, pesa ambayo ingenitosha kuishi muhula mzima. Sheria mpya ya upangaji iliyopitishwa mwaka 2025 inakataza mwenye nyumba binafsi kudai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja kabla hujaingia, kuanzia Mei 2026. Ukidaiwa zaidi, waambie wakuandikie, uone kama wataandika.

Kisha soma mkataba uone kama ni wa pamoja. Watu watano mkisaini karatasi moja, deni ni la wote, na mmoja akiondoka Februari mwenye nyumba ana haki ya kuwadai waliobaki. Kwetu ilitokea. Mwenzetu aliacha masomo akarudi kwao, tukawa tunachangia chumba kitupu mpaka tulipopata mtu wa kuziba. Hatukumlaumu, alikuwa na msiba. Lakini pesa ilitoka.

Kisha ukungu. Kufikia Desemba ukuta wangu wa upande wa nje ulikuwa mweusi kuanzia chini hadi usawa wa kitanda. Wakala wetu, ambaye simtaji, alijibu kila barua pepe kwa ushauri ule ule wa kufungua dirisha. Desemba! Mkataba ulipokwisha akataka kukata sehemu kubwa ya amana kwa ajili ya usafi na rangi, rangi ya ukuta ule ule niliomlilia miezi yote.

Hapo niligundua kwamba mpangaji wa Uingereza ana meno. Amana ya nyumba za aina yetu haizidi kodi ya wiki tano. Lazima iwekwe kwenye mpango wa ulinzi unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30, na mkishindwa kuelewana mpango huo una usuluhishi usiolipiwa. Nilikuwa na picha zenye tarehe za siku niliyoingia, na barua pepe zote. Nilizipakia, nikaeleza kwa aya tatu bila matusi, nikarudishiwa karibu yote. Kwa hiyo kabla hujafungua begi piga picha kuta, godoro, oveni, nyuma ya pazia, ndani ya makabati, kisha mtumie wakala siku hiyo hiyo ili asije akasema hakuziona.

Barua ya kodi ya halmashauri (council tax, si kodi ya pango) ikija, usiilipe wala usiitupe. Nyumba ya wanafunzi watupu wa muda wote inasamehewa, ila lazima mpeleke vyeti vya chuo. Akihamia kwenu mtu mmoja anayefanya kazi, msamaha wa nyumba nzima unaondoka na bili inakuja. Waulizeni wapangaji wapya mapema, hata kama ni ndugu.

Matibabu unayalipia kwenye viza, pauni 776 kwa kila mwaka, kwa hiyo jiandikishe kwa daktari wiki ya kwanza, usisubiri uugue. Dawa za kuandikiwa bado utachangia, na meno yasubirie nyumbani ukiweza. Kwa wenye familia neno langu ni gumu zaidi: tangu Januari 2024 anayesoma uzamili wa darasani, usio wa utafiti, haruhusiwi kuja na mwenza wala watoto. Niliwaona kaka zangu wawili wa darasani wakilea watoto kwa simu mwaka mzima, na mmoja alikuwa akitoka nje ya maktaba kila siku saa mbili usiku ili aongoze sala ya kulala. Nyota zangu nne haziwahusu watu kama hao, wao wapime wenyewe.

Begi usilijaze unga wala mchele, vyote viko Evington Road. Koti la baridi nunua huko huko kwenye maduka ya mitumba ya hisani, ni zito na la bei ndogo kuliko lolote utakalolipata Dar. Beba vyeti halisi, viungo vya pilau alivyosaga mama, na chaja yako ya nyumbani, kwa kuwa soketi zao ni zile zile za pini tatu.