Posta mbili za kiinimacho: ya Vasarely inafaa, ya Riley hapana

Sanaa ya kiinimacho, yaani michoro ya maumbo inayoyafanya macho yaone mtikisiko au uvimbe usiokuwapo, humweka mchapaji mahali pabaya, kwa sababu haina sura ya mtu wala mandhari ya kuficha kasoro zake. Picha ya bahari ikififia kidogo bado ni bahari, lakini mraba mweusi uliopoteza ukali wa kingo zake hauna kazi iliyobaki. Kwa kigezo hicho nimezipima posta mbili, yaani nakala zilizochapwa za kutundika ukutani, nilizoagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 50: "Movement in Squares" ya Bridget Riley wa Uingereza, iliyochorwa mwaka 1961, na "Vega-Nor" ya mwaka 1969, kazi ya Victor Vasarely, Mhungari aliyehamia Paris mwaka 1930.

Mchoro wa Riley ni safu za miraba myeusi na myeupe iliyopishana kama ubao wa drafti. Kimo cha miraba hakibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni upana, ambao hupungua hatua kwa hatua kadiri unavyoelekea kulia, hadi miraba inakuwa vijistari vyembamba, kisha huanza kupanuka upya. Jicho hukataa kata kata kuamini kwamba uso huo ni bapa, likaona unadidimia bondeni na kuibuka ng'ambo ya pili. Siri yote imo katika vile vijistari, na hapo hapo ndipo posta hii ilipoharibika: wino umetambaa, weusi umeingia kwenye weupe, na penye bonde pamebaki utepe wa kijivu. Kwa lenzi ya kukuzia, kingo zinaonekana ni vitone vilivyotawanyika. Karatasi nayo ina umanjano, kwa hiyo ule mgongano wa rangi mbili unaoyafanya macho yaone mtikisiko umepoa.

"Vega-Nor" imesalimika. Gridi yake huvimba katikati na kuwa tufe, vyumba vyake vikikua kila vinapokaribia kitovu na kubanwa vinapofika pembeni, na kwa kuwa rangi zimejaa maeneo mapana kiasi, mashine haikupata pa kukosea sana. Rangi zimelala sawasawa, bila michirizi. Mchoro halisi una mita 2 kila upande, na ukubwa huo haufidiwi na chochote, ila ukisimama hatua chache kutoka ukutani uvimbe unaonekana vizuri.

Lipo pia suala la hakimiliki. Vasarely mwenyewe alitaka kazi zake zizalishwe kwa wingi, na alichapa nyingi kwa skrini ya hariri, ambayo hupitisha rangi moja moja na kuacha kingo safi. Riley, kinyume chake, alikasirika mwaka 1965 wakati wa "The Responsive Eye", maonyesho ya sanaa hii huko New York, alipokuta wafanyabiashara wameweka michoro yake kwenye nguo bila ruhusa. Muuzaji wangu hakuonyesha popote idhini ya wenye haki, jambo ambalo mnunuzi anapaswa kuliuliza kabla ya kulipa.

"Vega-Nor" nimeitia fremu yenye kioo kisichorudisha mwanga, maana kioo cha kawaida huleta taswira ya dirisha juu ya tufe. Ya Riley nimeirudisha, na nikiipata iliyochapwa kwa skrini na yenye idhini, nitailipia hata mara tatu ya bei hii.