Ruta ya nyumbani: achana na antena, uliza masasisho

Nenda Kariakoo uulize ruta "yenye nguvu". Utaletewa yenye antena sita zilizosimama juu kama mende aliyelala chali. Antena zinasukuma waifai mpaka chumba cha mwisho, basi. Kinachomzuia mwizi ni programu iliyo ndani, na kama mtengenezaji bado anaziba matundu yanapogundulika.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, pindua boksi usome kibandiko. Kuna jina la modeli, na mara nyingi pembeni kuna "Ver" na namba. TP-Link Archer C20, kwa mfano, imetoka kwa matoleo kadhaa chini ya jina lilelile, na sasisho la toleo moja si la jingine. Toa simu palepale dukani, ingia tovuti ya mtengenezaji, tafuta modeli na toleo, uone sasisho la mwisho ni la lini. Likiwa la miaka minne iliyopita, mrudishie muuzaji boksi lake. Atanuna kidogo, atazoea.

Ninayoiweka ya kwanza kwa nyumba nyingi ni ruta mpya ya Wi-Fi 6 (kizazi cha sita cha waifai) ya bei ya kati, kama Archer AX23 ya TP-Link. Ina WPA3, ulinzi mpya wa nywila ya waifai, na ina kitu ambacho watu hawakigusi kabisa: mtandao wa wageni, yaani waifai ya pili iliyotengwa na ya ndani. Fayawoli, yaani mlinzi wa mlangoni, ya ruta yoyote ya kawaida humkatalia anayegonga kutoka nje bila kuitwa. Balaa la nyumbani liko ndani tayari: kamera ya bei chee, kiboksi cha Android cha TV, balbu ya kuwashia kwa simu. Kimoja kikishikwa, kinaiona kompyuta yako ya kazi kama jirani anavyouona uani kwako. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na ruta duniani kote kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani, kama sitini hivi. Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa vilivyotekwa likaielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti, Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Basi vifaa hivyo viweke vyote kwenye mtandao wa wageni, na usiweke tiki pale panaporuhusu wageni kuufikia mtandao wa ndani. Kero yake ni moja: simu iliyo mtandao wa ndani haitarusha video kwenye TV iliyo kwa wageni. Mimi nimeikubali.

Ya pili ni MikroTik hAP ax2. Mafundi wetu wa mtandao wanaifahamu kampuni hii ya Latvia kama mfuko wa shati, bei elekezi ya ruta hii ilipotoka ilikuwa dola 99, na masasisho yake ni ya bure kwa miaka mingi. Fayawoli yake unaiandika mstari kwa mstari, na mistari inasomwa kuanzia juu. Hapo ndipo nilipoumia. Jumamosi moja usiku niliandika amri ya kukataa kila kitu nikaiweka juu kabisa. Nikajifungia nje mwenyewe, mama watoto anauliza tamthilia imekwenda wapi, nami nimeinama na kijiti cha meno nabonyeza kitufe cha kuanza upya. Mwaka 2018 tundu la Winbox, programu ya kuendeshea ruta za MikroTik, lilizibwa mwezi Aprili, lakini ruta nyingi mno ambazo wenyewe hawakuzisasisha ziliishia kutekwa na wachimbaji wa sarafu za mtandaoni. Kama huna fundi wa karibu, baki na ya kwanza.

Kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100 na milango minne ya kebo, ikiwekwa OPNsense, programu ya kuigeuza ruta na fayawoli, naiweka ya tatu, ingawa ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Programu ni ya bure na inakuonyesha kila kifaa kinaongea na nani. Ila utanunua na kifaa cha waifai pembeni, na umeme ukikatika unataka UPS, betri ya kuishikilia. Inamfaa anayetunza data za wateja nyumbani.

Kiboksi ulichopewa na kampuni ya intaneti ni cha nne, na kama hela haipo, kitumie bila aibu. Badilisha nywila ya kuingilia kwenye mipangilio, kisha zima WPS, njia ya mkato ya kuunganisha vifaa kwenye waifai kwa kitufe au namba. Namba yake ya siri ina tarakimu 8, unadhani ni majaribio milioni mia. Kumbe ruta humjibu anayebahatisha kuhusu nusu ya kwanza peke yake, na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki tu. Inabaki elfu kumi jumlisha elfu moja: majaribio 11,000. Hili linajulikana tangu 2011 na bado vipo viboksi vinavyouzwa WPS ikiwa imewashwa.

Ruta za mtumba zilizoachwa na mtengenezaji, usinunue, labda uwe na hakika OpenWrt, programu huria ya kubadilishia ile ya kiwandani, inaikubali modeli hiyo na toleo hilo.

Ukifika na mpya nyumbani, isasishe kabla ya kumpa mtu nywila. Halafu zima waifai ya kiboksi cha zamani, la sivyo simu zote zitaendelea kukishika hichohicho, na ruta yako mpya itakaa mezani ikiwasha taa tu.