Nepi, vizimba na dawa za harufu: kipi kinamzuia mbwa dume wakati jike yuko kwenye joto?

Bidhaa zinazouzwa kwa ajili ya mbwa jike aliye kwenye joto, yaani majira yake ya kupandwa, ni nyingi, na nyingi kati yake zinafanya vizuri kazi ambayo mnunuzi hakuikusudia. Nepi inalinda zulia. Dawa ya kupulizia inabadilisha harufu ya sebule. Mkanda wa tumbo unaokoa mguu wa kochi usikojolewe na dume. Lakini mnunuzi anachotaka ni jike asipate mimba, na hilo halifanywi na hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu. Kwa hiyo hapa kila kifaa kinapimwa kwanza kwa swali moja: dume akiachwa nacho dakika 20 bila mtu, jike atakuwa salama? Usafi na utulivu vinafuata baadaye.

Dakika 20 ni nyingi kwa mbwa. Dume akishapanda, fundo lililo kwenye shina la uume wake huvimba ndani ya jike na wawili hao hunasana, kwa kawaida kwa dakika 10 hadi 30. Mtu aliyetoka kupokea simu anaweza kurudi akawakuta wamegeuziana migongo. Hapo kuwavuta au kuwamwagia maji kunawaumiza wote wawili na hakuzuii mimba tena. Kinachobaki ni kuwashika wasiburutane mpaka waachane wenyewe.

Kifaa chochote utakachochagua kitafanya kazi wiki 3 hadi 4, kwa hiyo jua kalenda kabla ya kununua. Siku ya kwanza ni siku unayoiona damu. Kwa wastani siku 9 za mwanzo uke umevimba, damu inatoka, na jike anamkaripia dume anayemsogelea. Siku 9 zinazofuata anamkubali, anasimama na kupeleka mkia pembeni. Usiutegemee wastani huo. Kila hatua inaweza kuwa fupi kama siku 3 au ndefu hadi 21. Damu inapopauka ikawa ya rangi ya nyasi kavu, wengi hupumua wakidhani mambo yameisha, kumbe ndiyo hatari imeanza. Tena mbegu za dume huweza kukaa hai ndani ya jike siku 5 hadi 7, hivyo hata aliyepandwa siku za mapema anaweza kushika mimba. Pangusa uke kwa tishu nyeupe kila asubuhi, andika tarehe na rangi. Karatasi hiyo ina faida kuliko nusu ya vitu vilivyo kwenye rafu.

Sasa nepi, kwa kuwa ndiyo inayonunuliwa kwanza. Kama kifaa cha usafi, nepi ya kitambaa yenye pedi inayobadilishwa inastahili sifa kuliko ile ya plastiki: ngozi inapumua, inafuliwa, na pedi za kawaida zinaingia. Pima kiuno mbele ya mapaja ya nyuma, si tumbo, na acha nafasi ya vidole viwili. Tundu la mkia ndilo linaloamua kila kitu. Likiwa kubwa, nepi inateleza chini. Likiwa dogo, linakwaruza shina la mkia mpaka nywele zinyonyoke. Kwa mbwa wa manyoya marefu chagua vifungo au zipu, maana velkro hunasa manyoya na jike ataanza kuikimbia nepi baada ya siku mbili. Mwenye kiuno chembamba anahitaji mikanda ya mabegani, la sivyo nepi itabaki sakafuni.

Nepi za watoto zinaweza kushika nafasi yake kwa kutoboa tundu la mkia, ila kingo za tundu zizibwe kwa utepe wa gundi. Zisipozibwa, chembe za ndani zinazonyonya maji hudondoka na mbwa huzilamba.

Badilisha pedi kila saa 4 hadi 6. Mvue kabla ya kumtoa kujisaidia, mpanguse kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe. Mwachie pia saa kadhaa bila nepi akiwa peke yake kwenye chumba kinachosafishika, kwa sababu jike hujisafisha kwa kujilamba na nepi inamnyima. Wekundu kuzunguka uke, harufu kali, au kukojoa mara kwa mara kidogokidogo ni dalili kwamba imevaliwa mno, na anayekojoa hivyo apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Kwenye swali letu la msingi nepi inashindwa kabisa. Dume huing'ata, huisukuma pembeni kwa pua, na jike aliye tayari humsaidia kwa kusimama tuli. Pakiti inayoionyesha nepi kama kinga ya mimba inapotosha. Mkanda wa tumbo wa dume ni hivyohivyo: unashika mkojo anaonyunyiza kuweka alama, basi. Ukilowa ubadilishwe mara moja, maana ngozi ya sehemu ile huchubuka haraka.

Kizimba ndicho kinachohitaji macho makali zaidi dukani, kwa sababu hapa tofauti kati ya kizuri na kibaya ni watoto wa mbwa.

Kile cha waya kinachokunjwa ni chepesi na kinapitisha hewa, na kinamtosha mbwa aliyezoea kulala humo. Dume aliyepagawa ni mbwa mwingine. Udhaifu wa kizimba hiki uko kwenye pembe za mlango: dume husukuma kona ya chini kwa pua, waya unapinda, kichwa kinapita, kisha mwili. Kulabu mbili zenye springi, moja kona ya juu na moja ya chini, zinaongeza uimara sana. Hatari nyingine ni meno. Anayeng'ata waya usiku kucha anaweza kuvunja chonge, na jino hilo litahitaji matibabu. Ukimwona ameanza, mtoe. Hicho si kizimba chake.

Vya plastiki ngumu, vile vya kusafirishia, vina ubora mmoja ambao haupewi uzito wake: vinaziba macho. Dume asiyeona mlango hutulia mapema kidogo. Kasoro ni vifungo vya plastiki vinavyounganisha nusu ya juu na ya chini. Viondoe, weka boliti na nati za chuma. Chuma kilichochomelewa, chenye komeo mbili na mahali pa kufuli, ndicho pekee kinachofaa kwa dume mkubwa mwenye nguvu. Ukubwa wowote uutakao, kipimo ni kwamba asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, na alale amenyoosha miguu. Kisizidi saa 4 mfululizo mchana. Wiki tatu ndani ya kizimba ni mateso, hata kiwe kizuri namna gani.

Kosa linaloharibu hata kizimba bora ni kukiweka vibaya. Mbwa hupandana kupitia waya. Jike husogeza matako kwenye nyavu na dume akamfikia, kisha wakanasana huku chuma kiko katikati, jambo linaloweza kuwajeruhi vibaya. Kwa hiyo kizimba kisiwe kizuizi pekee. Kanuni inayofanya kazi ni vizuizi viwili wakati wote: dume ndani ya kizimba, na jike nyuma ya mlango uliofungwa kwenye chumba kingine, mbali kadiri nyumba inavyoruhusu. Mtu mmoja akisahau mlango, kizimba bado kipo. Komeo la mlango liwekwe juu, kwa nje, hasa kama kitasa ni cha kubonyeza chini. Mbwa wengi hukifungua kwa mguu wa mbele, na jike naye hutafuta njia ya kutoka kama dume anavyotafuta ya kuingia. Bandika karatasi mlangoni inayosema nani yuko wapi sasa hivi, kwa kuwa ajali nyingi hutokea mtu wa pili wa nyumbani asipojua.

Geti la watoto wachanga ni kizuizi cha pili tu, kamwe si cha kwanza. Dume wa wastani huliruka, na lile linaloshikilia ukuta kwa kubana hung'oka likigongwa kwa kifua. Uzio wa nje nao usikufariji: huchimbwa chini na kurukwa juu, na madume wa mtaani huja kutoka mbali. Jike atoke akiwa na kamba hata kwenye ua wako mwenyewe.

Dawa za harufu hazifanyi kazi. Vidonge vya klorofili na vipulizio vya mnanaa vinadaiwa kumficha jike, lakini pua ya mbwa inatenganisha harufu. Dume ananusa mnanaa na jike pamoja. Mafuta makali karibu na uke yanaunguza ngozi laini. Fedha hiyo inunue sabuni yenye vimeng'enya vya kuvunja mkojo. Hii inastahili kila sifa ikitumiwa ipasavyo: loanisha mpaka ifike ilikofika damu au mkojo, iache muda ulioandikwa kwenye chupa, usiipanguse mapema. Usafishaji wa amonia huacha harufu iliyo karibu na mkojo na humwalika dume kurudia. Usichanganye klorini na amonia wala siki, mvuke wake ni sumu. Na usimweke dume chumba alicholala jike jana. Hiyo peke yake inaweza kumfanya alie usiku kucha.

Vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyotoa feromoni, yaani kemikali ambazo wanyama huwasiliana nazo, vinaweza kuwasaidia baadhi ya mbwa kutulia, ila havigusi hamu ya kupanda. Mazoezi na ratiba vinafanya zaidi. Mtembeze dume kwanza, jike baadaye, ili asifuate nyayo zake. Chakula kilichogandishwa ndani ya mpira wenye tundu kinampa kazi kwa muda. Dume mzima mwenye afya anaweza kususa chakula siku moja au mbili. Asiyekunywa maji, anayetapika, au anayekonda kwa macho aonwe na daktari. Wakiwa madume wawili, watenganishe wao kwa wao pia. Wanaoelewana mwaka mzima huumizana wiki hizi.

Kipandikizi cha deslorelini, dawa inayomnyima dume uwezo wa kutia mimba kwa muda, kinachouzwa kwa jina la Suprelorin, ni bidhaa nzuri inayonunuliwa kwa wakati mbaya. Daktari hukiweka chini ya ngozi ya mgongo. Cha mg 4.7 hufanya kazi kwa takriban miezi 6, cha mg 9.4 miezi 12. Lakini mwanzoni homoni ya kiume hupanda kabla ya kushuka, na dume huhesabiwa hana uwezo wa kutia mimba baada ya wiki 6 kwa kile kidogo na 8 kwa kikubwa. Ukikiweka damu ya jike ikiwa imeonekana, umeongeza moto. Kiwekwe kwa ajili ya joto lijalo, ambalo kwa majike wengi huja baada ya miezi 6 au 7. Hata kuhasi kuna kusubiri: mbegu zilizobaki zinaweza kutia mimba wiki kadhaa baada ya upasuaji, na aliyehasiwa bado anaweza kupanda na kunasana.

Huduma inayoshinda vyote ni kumlaza dume kwingine kwa wiki 3 au 4, kwenye nyumba ya kutunzia mbwa au kwa ndugu asiye na jike. Apelekwe dume, si jike, kwani jike hubeba tatizo na kulipeleka kwa madume wa huko. Kabla ya kumwacha uliza kama wanapokea majike walio kwenye joto, kama kila mbwa ana banda lake, na nani analala hapo usiku. Jibu la kusitasita kwenye swali la kwanza linatosha kukufanya uondoke.

Ajali ikitokea, nenda kwa daktari wa mifugo siku hizohizo. Sindano za agleprestoni, dawa ya kukatisha mimba, mbili kwa kuachana saa 24, hutumika hadi siku 45 baada ya kupandwa. Usimpe jike vidonge vya homoni vya binadamu. Dawa za estrojeni zinaweza kuleta usaha kwenye kizazi na kudhuru uboho. Hata jike asiyepandwa achunguzwe kwa wiki 8 baada ya joto: kiu isiyo ya kawaida, unyonge, kutapika au uchafu mpya ukeni ni safari ya hospitali siku hiyo.

Siku ya kuwakutanisha haiamuliwi na kalenda peke yake. Ziwe zimetimia siku 21 angalau, uke umerudi kwenye ukubwa wake, na tishu nyeupe imetoka kavu siku 7 mfululizo. Fua matandiko yote, mwogeshe jike, kisha walete pamoja wote wakiwa na kamba. Dume akinusa mara moja na kuendelea na shughuli zake, fungua. Akinata kwenye mkia, mrudishe kwenye kizimba, jaribu tena baada ya siku 3.