Usinunue kamera ya mkanda kabla hujachungulia ndani: Olympus OM-1

Haya haya, tumerudi! Karibuni wote, wa siku zote na wageni. Leo meza haijajaa, maana kila nikipanga kamera tano mnaishia kuniuliza moja tu. Kwa hiyo nimeleta moja, na wapinzani wake wachache wa kuichokoza. Mwenye siku ni huyu hapa, Olympus OM-1. Ngoja niisogeze kwenye mwanga... hapo. Mnaiona?

Jamani, kadogo! Watu wakisikia kamera ya zamani ya chuma wanafikiria tofali. Hii bila lenzi ni kama nusu kilo hivi. Ilipotoka mwaka 1972 iliitwa M-1. Wenye Leica, kampuni ya kamera ya Ujerumani ambayo tayari ilikuwa na kamera zake za M, wakalalamikia jina, na mwaka uliofuata Olympus wakaongeza O mbele. Basi ukikutana na iliyoandikwa M-1 kifuani, jiandae, muuzaji atakutajia bei ya makumbusho, na ndani ni kamera ileile. Aliyeibuni ni Yoshihisa Maitani, huyohuyo wa Olympus Pen ya 1959, ile inayopiga nusu fremu ukapata picha 72 kwenye mkanda wa 36. Huyu mzee alikuwa na ugomvi na uzito, hakuna maelezo mengine.

Sifa za kwenye karatasi nazipita. Shata, kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga kwenye mkanda, inafika 1/1000 ya sekunde, mkanda wa milimita 35, mitambo mitupu, betri ni ya kipimamwanga peke yake. Hayo mnayajua, na usiyeyajua utayakuta kila mahali. Mimi leo nina kitu kimoja cha kuwaonyesha na kitatula muda. Nacho ni hiki kidirisha cha kuchungulia.

Tazameni. Nachukua simu, naiegemeza hapa nyuma. Subirini ipate fokasi. Subirini... simu nazo zina ubishi. Haya! Mmeona? Hilo ni dirisha la hapa chumbani, hilo pazia, na ile ni miwani yangu juu ya kitabu. Sasa msiangalie vitu, angalieni ukubwa. Picha imejaa mpaka pembeni. Ule weusi unaokula nusu ya unachokiona kwenye kamera nyingi za kisasa za bei ya chini, hapa haupo.

Sasa jambo ambalo simu haiwezi kuwaonyesha, itabidi mniamini. Nimeweka lenzi ya milimita 50. Naweka jicho la kulia kwenye kidirisha, halafu silifumbi la kushoto. Yote mawili wazi. Ile miwani pale mezani naiona mara mbili, na ukubwa unakaribia kulingana! Kidirisha hiki kinakuza kwa 0.92, maana yake kitu kinakaribia kuonekana kwa ukubwa wake wa kawaida, na kinakuonyesha asilimia 97 ya fremu utakayoipata. Mtu anapotembea kuingia kwenye picha yangu, jicho la kushoto linamwona kabla hajafika. Namsubiri. Anaingia. Tak!

Mmeisikia hiyo sauti? Ngoja nirudie karibu na maiki. Tak. Ndani kuna kioo kinachoruka juu kila ukipiga, na Maitani aliweka kifaa cha hewa cha kupunguza kishindo chake. Haipigi kelele ya kuwaamsha waliolala.

Turudi kwenye kidirisha, maana bado sijamaliza. Pembeni kushoto kuna mshale mwembamba. Naelekeza dirishani, mshale unapanda, mwanga umezidi. Sasa angalieni mkono wangu wa kushoto. Kamera nyingi zina kirungu cha mwendo wa shata juu, upande wa kulia. Hapa nako kipo kirungu, na kila anayeishika kwa mara ya kwanza anakizungusha akidhani ni cha shata. Kinagoma! Hicho ni cha ISO, yaani wepesi wa mkanda kunasa mwanga, na kina kidude cha kubonyeza kwanza ndipo kikubali. Shata yenyewe iko huku shingoni, pete ya nyuma kabisa, pale lenzi inapofungwa. Ya katikati ni fokasi. Ya mbele ni tundu la lenzi, linalopitisha mwanga. Pete tatu mkono mmoja, na mkono wa kulia hauna kazi nyingine ila kufyatua na kuvuta mkanda.

Kwa hiyo nikiwa jicho ndani: 125, 250, 500, yaani 1/125 ya sekunde, 1/250, 1/500... mshale unashuka, umekaa katikati. Nimefika bila kuitoa kamera usoni. Nageuka huku gizani kwenye rafu, mshale umeanguka chini kabisa. Narudisha pete, 250, 125, 60, bado, nafungua tundu kidogo... hapo. Naweza kufanya hivi mchana kutwa. Kwa kweli huwa naichezea hivi hata ikiwa haina mkanda, na mliowahi kunitumia ujumbe kwamba hiyo ni dalili ya ugonjwa, nimewasoma.

Kinachoniudhi? Humo ndani hakuna namba hata moja. Mshale unakwambia umezidi au umepungua, lakini haukwambii uko kwenye shata ya 60 au ya 500. Itabidi uhesabu milio ya pete kwa vidole, au ushushe kamera uangalie. Hapo Nikon FM2 ya 1982 inaishinda, maana kwenye kidirisha chake unasoma shata, unasoma tundu, na shata yenyewe inafika 1/4000. Ni kamera nzuri sana, sibishi. Lakini nikitoka nyumbani mkono unaenda kwa OM-1.

Sasa wapinzani, maana najua huko chini tayari mmeanza kuandika. "Mbona Pentax K1000?" Haya, hii hapa. Ilitengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1997, na wanafunzi wengi mno wa upigaji picha walianzia kwayo. Nilikuwa nimepanga kuwaambia anayeanza aanze na hii, kisha akikua aende OM-1. Betri yake inapatikana popote, haina vitufe vya kukuchanganya, na kipimamwanga hakina hata swichi; unaweka kifuniko cha lenzi kinatulia. Ila nikizishika zote mbili hapa mbele yenu, naona huyo anayeanza namwonea bure. Kwa nini akae na kidirisha kidogo kwanza? Kama bei zimekaribiana, chungulia zote mbili. Jicho litaamua lenyewe.

Canon AE-1, ya 1976 pia. Nzuri machoni, na ukitaka kuchagua shata halafu kamera yenyewe ikuchagulie tundu, itakufaa. Lakini ni ya umeme. Betri ikifa, hata kufyatua haifyatui. Na nyingi siku hizi zinalia kikohozi fulani ukipiga, mafuta yamekauka kwenye mitambo ya kioo. Fundi anatibu, ila bei ya fundi iingize kwenye hesabu kabla hujashangilia.

Na hii Olympus Trip 35, nisiipite. Haina betri kabisa! Hivi vipunje vinavyozunguka lenzi vinafunika selenium, madini yanayotoa umeme yakipigwa na mwanga. Naifunika kwa kiganja, nabonyeza kitufe... mmeona? Kibendera chekundu kimepanda ndani ya kidirisha, na kamera imekataa kupiga. Inakwambia kwa adabu kuwa hapa giza. Natoa kiganja, inapiga. Fokasi ni michoro tu: kichwa kimoja, watu wawili, kundi, mlima. Mzazi asiyetaka somo mpe hii.

Zile ndogo za miaka ya tisini zenye flashi na injini ndani, zile wanazozishika watu maarufu? Sizigusi. Bei imepaa mpaka mtu anaona aibu kuisema, na saketi ikiungua hakuna kipuri, inabaki kuwa pambo. Wala msinitumie tena ujumbe wa kunishawishi. Nimemaliza.

Haya, betri. Hapa ndipo OM-1 inapotaka uvumilivu. Ilibuniwa kutumia betri ya zebaki ya volti 1.35, na betri za zebaki zilipigwa marufuku nchi nyingi kwa sababu ya sumu. Mtu anatumbukiza ya kawaida ya volti 1.5, mshale unapanda kuliko ukweli, naye anaamini mwanga ni mwingi, anafunga tundu, picha zinatoka nyeusi. Halafu anasema kamera mbovu! Mimi natumia betri ya vifaa vya kusaidia kusikia, ile namba 675. Ina volti kama 1.4 na inashika usawa wake mpaka inakaribia kwisha. Ni nyembamba kidogo kuliko nafasi yake, hivyo naizungushia kijipete cha raba. Ubaya wake ni kwamba ukibandua ile karatasi inaanza kuvuta hewa, na tangu hapo inakwisha hata kamera ikiwa kabatini. Kwa hiyo nikimaliza kupiga, nazima swichi ya juu kushoto na sitegemei kuikuta hai baada ya miezi mingi.

Na betri ikifa katikati ya safari? Endelea kupiga! Si ndiyo raha ya mitambo. Jua kali, tundu weka 16, shata weka namba iliyo karibu na ISO ya mkanda wako. Mkanda wa 200, shata ya 250. Mawingu mepesi, fungua tundu mpaka 11; namba ikipungua tundu linakua. Ukisitasita, zidisha mwanga kidogo. Mkanda wa negativu unavumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, tofauti kabisa na simu yako, ambayo weupe ukishaungua haurudi.

Ngoja ninywe maji. Na wakati nakunywa: waliouliza kuhusu video ya kusafisha mikanda nyumbani, inakuja. Kilichochelewesha ni taa, nataka muone kila hatua vizuri. Jiandikisheni kwenye chaneli ili isiwapite.

Kabla hujalipa, popote unapoinunua, fanya haya mbele ya muuzaji. Fungua mgongo. Weka shata sekunde moja, bonyeza, sikiliza: inatakiwa iende kwa mwendo mmoja bila kukwama. Kisha 1/1000 ukiwa umeielekeza kwenye mwanga, utazame kutokea nyuma, lazima uone mmweko ukipita fremu nzima. Gusa sponji za kwenye mlango. Zikishika kidole na kuacha masizi, zimeoza, mwanga utaingia. Hilo halinitishi, sponji mpya unabandika mwenyewe. Kinachonitisha ni fangasi. Washa tochi ya simu, ipitishe ndani ya lenzi kutokea upande mmoja, angalia upande wa pili. Ukiona nyuzi nyuzi, rudisha, hata akikupunguzia bei. Na kwenye OM-1 chungulia kidirisha chenyewe, maana juu ya prizimu, kile kioo cha kichwani kinacholeta picha jichoni, kuna sponji inayooza ikala ule ung'avu wa ndani. Ukiona madoa meusi au kahawia yasiyotoka ukibadilisha lenzi, ndiyo hiyo. Picha haitaharibika, lakini utakuwa umenunua kamera hii bila kile kitu kinachoifanya inunuliwe.

Kuhusu pesa niseme moja. Kamera unainunua mara moja, mkanda unaununua kila siku, halafu kuna kusafisha na kuskani. Kwa hiyo mtu akiniambia bajeti yake imeishia kwenye kamera, namwambia ashuke daraja, achukue Pentax au hata Zenit yenye lenzi yake ya Helios, abaki na pesa ya mikanda. Zenit ni nzito, kidirisha chake ni cha gizani, na bado inatoa picha tamu. Naona nimejipinga hapo juu ya kidirisha. Sawa tu, mfuko nao una jicho.

Na ukishapakia mkanda, kitu kimoja mnachonisikia nikikirudia kila siku: vuta mkanda huku ukiangalia kikono cha kurudishia, hiki cha kushoto juu. Kikizunguka, mkanda umeshika. Kikikaa kimya, unapiga hewa, na utakuja kulia picha ya 36 ikipita na kamera bado inavutika.

Hii hapa nimeipakia Ilford HP5, ISO 400, nyeusi na nyeupe. Wiki ijayo nataka kulinganisha OM-1 na K1000 kwa mkanda wa aina moja, mahali pamoja, saa moja. Andikeni chini: nitumie HP5 kwenye zote, au niweke Kodak Gold 200 ya rangi? Itakayopata kura nyingi ndiyo nitakayoipakia. Haya, tuonane huko.