Uzoefu wangu na Paris brûle-t-il ?, filamu ya ukombozi wa Paris

Paris haikuungua. Kila anayeketi kuitazama filamu hii ya René Clément ya mwaka 1966 anajua hivyo tangu mwanzo, na bado karibu saa tatu zake zilinishika. Jina lake ni swali: je, Paris inawaka moto? Nimeirudia, na nitairudia tena. Nimesoma na kusikia maoni ya watazamaji wengi, na lawama kubwa ni moja: watu ni wengi mno, hujui umfuate nani. Mimi naona hapo ndipo filamu ilipopatia kuliko filamu nyingi za vita nilizowahi kuziona.

Kwa asiyejua kisa chenyewe: ni Agosti 1944. Majeshi ya Marekani na Uingereza yameshavuka Normandy, lakini mkuu wao, Jenerali Eisenhower wa Marekani, anataka kuizunguka Paris badala ya kuingia, maana mji mkubwa utamlia mafuta na chakula anavyovihitaji kuwakimbiza Wajerumani. Hitler naye amemkabidhi Jenerali Dietrich von Choltitz mji huo kwa amri kwamba usiangukie mikononi mwa adui ila ukiwa kifusi. Wapiganaji wa siri wa Kifaransa wana bunduki chache na hasira nyingi. Tarehe 19 polisi wa Paris wanayateka makao makuu yao wenyewe, Préfecture, karibu na kanisa la Notre-Dame, na kuanzia hapo hakuna kurudi nyuma.

Filamu haina shujaa mmoja wa kubeba mzigo wote. Kuna anayepiga simu, kuna anayebeba ujumbe, kuna wanaong'oa mawe ya barabarani kujengea vizuizi, kuna Meja Gallois anayepenya mistari ya vita kwenda kuwasihi Wamarekani wabadili mawazo. Karibu kila mmoja anafanya kipande chake bila kujua mwenzake mtaa wa pili amefikia wapi. Mji huokolewa hivyo hasa. Ukimtafuta bwana mkubwa wa kumshangilia utachoka mapema, lakini ukikubali kwamba anayepigania uhai wake ni mji wenyewe, kila sura inayopita ina kazi yake.

Niseme kuhusu kipande ninachokipenda kuliko vyote. Jean-Paul Belmondo na mwanamke mmoja wanafika kwa baiskeli Hôtel Matignon, makao ya waziri mkuu. Hawana kikosi wala kifaru. Ndani kuna walinzi wenye silaha waliokuwa wakiitumikia serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani. Anasimama mbele yao, anatangaza kwamba anaichukua nyumba kwa jina la serikali ya muda ya de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokataa kusalimu amri, na walinzi wanatoa heshima kwa silaha zao. Basi, serikali imebadilika! Kisa hicho kina mizizi ya kweli: Yvon Morandat aliingia Matignon kwa namna hiyo. Kila nikikitazama nafikiria jinsi utawala unavyoshikiliwa na imani ya watu walio mlangoni tu, na siku imani hiyo ikihama, sauti ya mtu mmoja aliyeshuka kwenye baiskeli inatosha.

Upande wa majonzi, filamu haikufichi kitu. Vijana wanaodhani wanakwenda kupokea silaha wanasalitiwa na kumiminiwa risasi. Katika historia, vijana 35 waliuawa hivyo usiku wa 16 Agosti penye maporomoko ya maji ya msitu wa Boulogne, siku chache tu kabla ya uhuru. Leslie Caron anacheza mke anayehangaika kumtoa mumewe kwenye treni ya wafungwa wanaopelekwa Ujerumani, akisaidiwa na Orson Welles kama Raoul Nordling, konseli wa Sweden. Anthony Perkins ni askari wa Kimarekani mwenye shauku ya kuiona Paris, na anauawa akiwa ndani ya mji huo huo aliousubiri. Anaonekana kwa muda mfupi mno, lakini siku kadhaa baadaye nilikuwa bado namfikiria.

Kuhusu nyota wa sinema, nakubaliana na wanaolalamika kwa sehemu. Kirk Douglas anapojitokeza kama Jenerali Patton wa Marekani, au Glenn Ford kama mwenzake Bradley, unakumbuka ghafla kwamba unatazama sinema. Wafaransa hawakunisumbua hivyo.

Picha ni nyeusi na nyeupe, na sababu mojawapo ni kwamba wakuu wa Ufaransa hawakutaka bendera nyekundu za Wanazi zipepee tena juu ya majengo ya Paris, hata kwa ajili ya kamera. Miaka ishirini na kitu tu ilikuwa imepita. Watu waliozitazama bendera zile kwa miaka minne walikuwa bado wanapita mitaa hiyo kwenda kazini. Uamuzi huo uliipa filamu faida nyingine, kwa sababu Clément amechanganya humo picha halisi zilizopigwa wakati wa mapigano yenyewe, na mara nyingi huoni mshono ulipo.

Sasa yale yaliyonikera, na siwezi kuyanyamazia.

Kwanza ni Choltitz. Gert Fröbe anamcheza vizuri ajabu, jenerali mnene aliyechoka anayepima amri za mtu aliyeanza kumwona kichaa. Unatoka ukimpenda, na hapo ndipo shida. Sifa ya kuiokoa Paris alijipa kwa kiasi kikubwa mwenyewe, katika kumbukumbu alizoandika baada ya vita, na wanahistoria wengi wanasema hakuwa na askari wala vifaa vya kutosha kuubomoa mji wote hata angetaka. Huyu ndiye aliyekuwa Rotterdam mwaka 1940 na Sevastopol mwaka 1942, majeshi ya Hitler yalipoibomoa miji hiyo. Alipokuwa mfungwa Trent Park, Uingereza, Waingereza walimrekodi kwa siri akimweleza mwenzake kwamba aliitekeleza kikamilifu amri ya kuwaangamiza Wayahudi. Clément hakuwa na rekodi hizo mwaka 1966. Sisi tunazo, na hatuna budi kuzikumbuka tunapomtazama.

Pili, na hili linaniuma zaidi, ni waliokosekana. Jenerali Leclerc, Mfaransa, anaingia na Divisheni yake ya Pili ya Vifaru na mji unalipuka kwa furaha. Lakini jeshi la Leclerc lilianzia Chad! Alipoiteka Koufra kule jangwani Libya, Machi 1941, askari wake wengi walikuwa Waafrika. Divisheni ilipopangwa upya Morocco mwaka 1943, askari weusi waliondolewa, na Januari 1944 Walter Bedell Smith, mnadhimu mkuu wa Eisenhower, aliandika kwamba ingefaa zaidi divisheni hiyo iwe ya wazungu. Kwa hiyo weupe wa safu unazoziona kwenye skrini ulipangwa mezani kabla, na filamu haina neno juu yake. Hata Wahispania wa La Nueve, kikosi cha divisheni hiyo hiyo, waliofika kwanza Hôtel de Ville, jumba la halmashauri ya mji, usiku wa 24 Agosti wakiongozwa na Kapteni Dronne, ni kama hawapo. Mimi nimekulia kati ya wazee waliotaja Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, kwa sauti ya chini. Wakati Paris inashangilia, askari wa Keya walikuwa wanakanyaga matope ya bonde la Kabaw, Burma, na hakuna aliyewapelekea kamera wala nyota wa sinema. Mtazamaji wa Kiafrika ana haki ya kuliuliza swali hili na bado akaipenda filamu.

Naipenda, naam. Usiku kengele zinapoanza kulia, kanisa moja baada ya jingine, nilijikuta nimesimama. Muziki wa Maurice Jarre umenikaa kichwani, hasa ile walzi yake.

Ukitaka kuitazama, tafuta toleo la Kifaransa lenye maandishi ya chini. La Kiingereza limewekewa sauti juu ya midomo ya waigizaji wa Kifaransa, na kipande cha Matignon kinapoteza ladha. Pitia kwanza ramani ya Paris, ujue Préfecture, Hôtel de Ville na hoteli ya Meurice mtaa wa Rivoli, alikokuwa Choltitz, ziko wapi, maana filamu haikusubiri uulize. Saa ya kwanza ni nzito kwa mikutano na majina, ivumilie. Mimi naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nimeinyima kwa ajili ya wale wa Chad.