Rameni Yangu ya Kwanza Tokyo: Kamera Imeniponza

Haya wapenzi, asalaam aleikum, habari zenu. Nipo Asakusa, Tokyo, kando ya mto Sumida, tumbo limejaa hadi napumua kwa shida. Leo nimekula rameni, zile tambi za Kijapani kwenye bakuli la supu, kwa mara ya kwanza. Siyo ile ya pakiti ya kumwagia maji ya moto, jamani. Hii ya kupikiwa, mpishi kafunga taulo kichwani, jasho linamtoka.

Tuanze na nguruwe, maana najua ndiyo mtaniuliza. Usidhani ukisema "nyama niondolee" umesalimika. Yumo kwenye supu! Tonkotsu, ile nyeupe maarufu ya kule Fukuoka, ni mifupa yake iliyochemshwa masaa na masaa. Hata bakuli la kuku au la soya linaweza kumiminiwa mafuta yake juu. Mimi nilitafuta mgahawa wenye cheti cha halali, na hapa Asakusa wapo.

Ukiingia, hakuna wa kukuletea menyu. Kuna mashine mlangoni: unatia hela, unabonyeza kitufe, inatoka tiketi, unampa mpishi. Mimi nimesimama pale kama mgeni wa mjini, vitufe vyote Kijapani, nyuma yangu foleni. Rafiki yangu alishanipa siri: ukikwama, bonyeza cha juu kushoto, mara nyingi ndicho chakula chao cha kujivunia. Nikabonyeza. Yeni 1,100, kama dola 7 hivi.

Sasa angalieni hii video. Mnaona ule mchuzi mweusi anaoweka chini ya bakuli kwanza? Unaitwa tare, chumvi na ladha yote imo humo. Halafu mafuta, halafu supu, ndipo tambi, na anavyozikung'uta maji, pa! pa! Juu kuku, yai, majani ya vitunguu, kipande cha mwani.

Supu ni ya kuku, nzito, nyeupe kama tui. Hakuna maziwa humo, wala tui lenyewe. Mifupa inachemshwa kwa moto mkali mpaka mafuta na ile gundi yake vinachanganyika na maji. Kijiko cha pili tu midomo ikaanza kunatana. Wale wa supu ya kongoro asubuhi mnanielewa.

Lakini tambi ndizo zimeniteka. Zina ubishi, ukiuma zinakurudishia. Rangi ya manjano nikajua mayai, kumbe ni kansui, maji ya chumvichumvi wanayokandia unga. Nikasoma kilichomo: sodiamu kaboneti! Si ndugu yake magadi huyo? Mama yangu anatia magadi kwenye maharage yalainike, wenzetu wanatia kwenye ngano ili isilainike. Nimecheka peke yangu pale kaunta.

Na wanazivuta kwa sauti, fyuuu, mtu mzima na tai yake shingoni. Kwetu Tanga ukivuta hata chai hivyo mama anakukata jicho. Nilijaribu kimyakimya nikaungua ulimi. Nilipovuta kwa sauti nikaona maana yake: hewa inapoingia, tambi inapoa njiani.

Sasa kosa langu. Nimekaa napiga picha bakuli, mara upande huu, mara niongeze mwanga, mara yai lionekane. Dakika tano nzima! Jirani yangu aliyekuja nyuma yangu kamaliza, kanyanyua bakuli lake kaliweka juu ya kaunta, kashukuru, kaondoka. Mimi nusu ya mwisho nimekula uji. Zimevimba, zimenywa supu, kama tambi za futari zilizolala hadi daku.

Kwa hiyo supu naipa 9 kati ya 10. Tambi za mwanzo 9, za mwisho nisimwonee mpishi. Yai 6: limelala kwenye soya, tamu, ila kiini bado kinachuruzika, na mimi yai nimelizoea limeiva likaiva. Nilitamani ndimu pia. Haipo, kuna siki na mafuta ya pilipili, na hiyo pilipili haiwashi, wasiwadanganye.

Jumamosi narudi. Simu itakaa mfukoni mpaka bakuli liishe, kwa hiyo video hamtaipata, mnisamehe.